Nyumba ya Lapini

Bwana yangu alikuwa fundi wa malori, na malori ya Bunia miaka ile yaliugua kila siku, kwa hiyo kazi hakukosa. Alichokosa ni namna ya kuleta kitu nyumbani bila kunipandisha hasira. Mara alileta betri zilizokufa, ati ni za kukalia. Mara alileta kioo cha mlango wa lori, mlango wenyewe haupo. Na asubuhi moja, miaka ya sabini ikielekea kuisha, aliingia uani na katoni ya sabuni kwapani, katoni inatikisika yenyewe.

"Iko nini ndani?" nikamuuliza.

"Nyama ya mama yako."

Nikafungua. Masikio mawili yakachomoka kwanza, halafu pua inayochezacheza, halafu macho mekundu yaliyonitazama kama mimi ndiye mgeni. Sungura wa porini tulimjua, yule wa kijivu anayekatiza barabara. Huyu alikuwa mweupe, wa kufugwa, aina ile waliyofuga wamisionari, nasi watu wa mjini tulimwita kwa Kifaransa chetu, lapini. Dereva mmoja wa njia ya Komanda alimpa bwana yangu awe matabishi, kitu cha juu tu cha kusema aksanti, kwa sababu breki zake sasa zilishika.

"Hii iko mukonde," nikasema. "Utakula mifupa?"

"Si mimi wa kula," akasema, akaenda zake kazini.

Ilikuwa kweli. Hakuwa yeye wa kula, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Mama yangu alikuwa amefika kwetu juma lililotangulia, kutoka upande wa Mahagi, na mkeka mmoja, sufuria moja na jembe lisilo na mpini. Baba alikuwa amefariki mwaka uliopita. Ndugu zangu walikuwa wametawanyika kwenye machimbo ya dhahabu, kila mtu na shimo lake. Nilipoenda kumsalimu mama nilikuta meko baridi, majivu yamegandamana, na kuku wa jirani ametaga ndani ya sufuria ya ugali. Nilimuuliza anakula nini. Akasema kupikia kinywa kimoja ni kuharibu kuni. Alikuwa amekonda hadi pete yake ya ndoa ameifunga kwa uzi isidondoke. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, lakini siku ile nililia mbele ya yule kuku.

Nikamchukua karibu kwa nguvu. Alikubali kuja kutembea tu, kwa sharti la kurudi. Mimi moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: harudi. Akirudi kwenye yale majivu, mwaka haumalizi. Lakini sikujua nitamzuia namna gani, maana desturi ilikuwa upande wake.

Kwetu mwanaume na mama ya bibi yake hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawaambiani neno, hata kama mmoja anaona nyoka nyuma ya mwenzake. Si chuki, ni heshima, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyokimbiana. Bwana yangu akitoka kazini alikohoa kwanza kwenye uzio, mama akageuka au akaingia jikoni, ndipo yeye akazunguka nyuma ya nyumba na kuingilia mlango wa nyuma, mtu na parsele yake, kiwanja chake mwenyewe. Na mama hawezi kulala chini ya paa la mkwe. Hilo hata usilitaje. Kwa hiyo alilala katika jiko letu la inje, lenye paa la majani. Alisema jikoni ni kwa mutoto wake, si kwa mukwe wake, na hapo hakuna mtu wa kumusema.

Desturi nyingine ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Mkwe lazima amchinjie mama ya bibi yake. Kabla hajachinjiwa hawezi kuondoka, ni aibu ya nyumba nzima. Akishachinjiwa, akala, anashukuru, anaaga na kufunga mzigo. Kuku hakufaa, kwa sababu wanawake wa umri wa mama hawakula kuku tangu kuzaliwa. Mbuzi wa sokoni bei yake ilikuwa ya wafanyabiashara wa dhahabu, si yetu. Sasa katika katoni ile ya sabuni kulikuwa na nyama, na bwana yangu, kwa moyo wake mzuri, alikuwa ameleta nauli ya kumrudisha mama yangu kwenye majivu.

Mama alitoka jikoni akamtazama lapini. Alimshika mgongoni kwa kidole gumba, akafuata uti wa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, namna watu wanavyopima mbuzi.

"Kuku tunakatazwa," akasema taratibu. "Kondoo iko na siku zake. Juu ya hii, wakubwa wa kwetu hawakusema neno."

"Kwa hiyo inaliwa?" nikauliza.

"Sikusema inaliwa. Nimesema hawakusema neno." Akamrudisha ndani ya katoni. "Na tena iko mukonde. Chakula ya mukwe hailiwi mukonde. Muinenepeshe kwanza, nitakula, nitaenda."

Basi saa yetu ikaanza kupiga. Lapini akinenepa, mama anaondoka.

Sasa niwaambie: hakuna aliyejua lapini anafugwaje. Mama alijua mbuzi, mimi nilijua samaki, maana nilikuwa ninauza samaki wa ziwani sokoni, na samaki hawahitaji nyumba wala chakula, wamekwisha kufa. Mama alimfunga lapini mguu kwa kamba kwenye nguzo ya jiko, akamtundikia fungu la majani kimo cha mbuzi. Lapini alisimama kwa miguu ya nyuma, akayatazama yale majani kwa mbali, akashuka, akaila kamba. Tulimkuta ndani ya kapu langu la sokoni.

Tukamfunika na tenga, kama vifaranga. Alilinyanyua kwa kichwa na kutembea nalo jikoni kote, tenga likipita lenyewe kati ya vyungu, hadi mtoto wangu mchanga akaogopa na kulia. Halafu akagundua kwamba jiko letu lina sakafu ya udongo. Nyie, yule mnyama alichimba. Asubuhi nilikuta mlima wa udongo juu ya unga wangu wa mihogo, na shimo linaloelekea kwa jirani, na yeye mwenyewe amekaa mlangoni mwa shimo, mwekundu kwa vumbi, anajilamba mikono. Alikuwa amekula pindo la kitenge changu kizuri, kile cha Misa.

"Leo inachinjwa," nikasema. Nilikuwa nimeshika kisu kweli. Hasira yangu hupanda haraka, kila mtu sokoni anaijua.

Mama hakunyanyua hata macho. "Iko mukonde," akasema.

Nikakumbuka saa yetu, nikakirudisha kisu mahali pake, nikaenda kuosha unga.

Bwana yangu alitengeneza nyumba ya kwanza. Aliitengeneza kwa vitu vya kazini kwake, kwa sababu hakujua kwamba duniani kuna vitu vingine. Mbao zilitoka kwenye bodi ya lori lililoanguka njia ya Marabo. Mbele aliweka wavu wa kukinga rejeta. Mlango ulikuwa na bawaba za gari na kishikio cha gari, unafungua kwa kubonyeza. Ilisimama juu ya miguu minne, na kila mguu ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya injini, siafu wasipande. Ndani upande mmoja ulikuwa wazi, upande mwingine giza, kwa sababu yule dereva alimwambia kwamba lapini anataka mahali pa kujificha. Alitaka kuweka na honi. Nilimkataza.

Taabu ni kwamba fundi na mchungaji wa lapini hawakuweza kusemezana. Nilikuwa redio yao. Mama yuko hapa, bwana yuko pale nyuma ya kamba ya nguo, wote wawili masikio mazima, na bado:

"Ambia bwana yako mulango unalia."

"Mama anasema mlango unalia."

"Mwambie nitatia grisi."

"Mama, atatia grisi."

Kutwa nzima. Nikitoka sokoni koo limekauka kwa kupigania bei ya samaki, nakuta maneno yananingoja yamepanga mstari. Siku moja nikawaambia, kila mtu kwa upande wake, kwamba mimi nimechoka na kwamba tangu leo redio haina mawe, betri zake zimekwisha.

Siku zilizofuata lapini aliugua. Mama alikuwa anamkatia majani alfajiri, mabichi, yanadondoka umande, akiamini anamfanyia mema. Majani ya viazi vitamu, yale matembele laini ya juu. Tumbo likavimba likawa gumu kama mpira, lapini akalala ubavu, hataki kitu. Mama alikaa mbele ya wavu tangu asubuhi na yeye hakula. Nilimwambia ni lapini tu. Akaniambia, "Niliona mwengine anavimba hivi," na nikajua anasema juu ya baba. Nilienda sokoni kwa sababu samaki wangeoza, lakini sikuuza vizuri siku ile.

Niliporudi nilisikia sauti ya bwana yangu uani. Nikasimama kwenye uzio na beseni kichwani. Alikuwa nyuma ya kamba ya nguo, amegeuza mgongo, amesimama wima kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Mama alikuwa upande wa pili, amegeuza mgongo pia, amefunika kichwa. Kati yao nyumba ya lapini.

"Lapini," akasema bwana yangu kwa sauti, "dereva anasema majani yako ianikwe kwanza kwenye jua mpaka inyauke. Usikule umande. Leo na kesho, majani makavu tu, na maji kidogo."

Halafu mama, kwa sauti ndogo lakini ya kusikika: "Lapini, uambie ule anayesema, nimesikia."

"Lapini, pole."

"Lapini, umuambie aksanti."

Nikabaki palepale, samaki wananuka, inzi wananizunguka, sikutaka hata kupumua. Desturi ilikataza mkwe kusema na mama mkwe. Juu ya kusema na lapini haikuwa imesema neno.

Alipona. Alikula majani makavu, tumbo likalegea, na siku iliyofuata akaanza kutafuna ukuta wa nyumba yake, mama akasema huyu sasa ni mzima. Tangu hapo mama akawa na sheria zake. Majani yote yalianikwa juu ya paa la jiko. Maganda ya viazi yalioshwa kwanza. Kabichi zilizochanika niliziokota sokoni, lakini kidogokidogo. Vijiti vya mpera kwa ajili ya meno. Maji katika kopo la tomati lililofungwa kwa waya asilimwage.

Na Jumamosi kulikuwa na salongo. Mliokuwa wakubwa miaka ile mtakumbuka: kila Jumamosi asubuhi watu wote mabarabarani na panga na majembe, kufyeka kwa lazima, anayekosa anaitwa kwa shefu. Tulikwenda tumenuna. Mama peke yake ndiye aliyekwenda na furaha, na gunia. Watu wanafyeka, yeye anapita nyuma yao anachambua: hii ndiyo, hii mbuzi wa kwetu walikataa, hii iache. Alifika hadi ukingo wa mto Nyamukau kwa kufuata majani ya wengine. Shefu wa barabara yetu alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba huyu mama mzee ni mfano kwa raia. Mama akamjibu kwamba yeye si raia wa hapa, anatembea tu, anangojea lapini anenepe. Shefu hakuelewa, lakini aliitikia kwa kichwa.

Anatembea tu. Neno lile lilinichoma kila aliposema. Kwa sababu lapini alikuwa ananenepa. Miezi ilipita na yule mnyama akajaa nyumba yake, mashavu yake yakashuka, kidevu kikawa na mto. Kanisani nilimwomba Mungu mambo ambayo nadhani hakuwahi kuombwa hapo Bunia, kwamba tafadhali lapini akonde. Na mama naye alikuwa ananenepa. Alikuwa anachambua matembele, majani ya juu ni yetu, mabua ni ya lapini, na kwa kuwa amekwisha kuwasha moto, anapika, na kwa kuwa amepika, anakula. Uzi aliutoa kwenye pete. Nilifurahi na nikaogopa kwa wakati mmoja, yaani kila kijiko alichokula kilinipa raha na kila jani alilompa lapini lilinitia homa.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. Bora kujua. Nikamtoa lapini kwa mikono miwili, mzito, nikamweka mbele ya mama.

"Mama, tazama. Imekuwa namna gani?"

Mama alipitisha kidole gumba mgongoni. Uti wa mgongo haukuonekana tena, ulikuwa umezama kabisa kwenye mafuta. Akafikiri sana.

"Bado mukonde," akasema.

Nikamtazama. Hakunitazama. Wakati uleule tukasikia kukohoa kwenye uzio, mama akageuka, bwana yangu akapita nyuma ya nguo. Akasimama. Akamwona lapini miguuni pangu, mkubwa kama mfuko wa unga.

"Lapini," akasema taratibu, "uambie mukwe wangu, mimi pia naona bado uko mukonde sana."

Mabega ya mama yalitikisika chini ya kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Nikacheka na mimi, nikacheka hadi nikakaa chini, na nadhani hapo ndipo machozi yalinitoka pia, kwa sababu nilikuwa nimeubeba mzigo ule peke yangu miezi yote, kumbe watu watatu tulikuwa tunaubeba kimyakimya.

Ningetaka kusema mambo yaliishia hapo. Lakini mvua za Septemba zikafika, na paa la jiko letu lilikuwa la majani yaliyochoka. Maji yalipita. Mkeka wa mama ulilowa, mama akaanza kukohoa kikohozi cha kifua, na moshi wa kuni mbichi ukaongeza. Nikamwambia aingie nyumbani, chumba cha mbele kiko tupu.

"Nilale chini ya paa ya mukwe?" akaniuliza, bila hasira. "Wee, mutoto yangu. Nikifa nitamuambia baba yako nini?"

"Utamwambia mvua ilikuwa inanyesha."

"Hapana. Nirudi kwangu. Ni wakati ya kupanda maharagi. Mukate lapini, nikule, niende."

Nikamwambia maneno mengi. Nilimwambia kwake hakuna mtu, kuna kuku wa jirani. Nilimwambia heshima gani hii ya kumfia mtu jikoni. Alinisikiliza hadi nikaishiwa, akasema, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akaenda kumwanikia lapini majani kwenye kajua kadogo kalikokuwapo. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimpigia kelele anakungojea kama mvua ipite.

Bwana yangu alikuwa amesikia yote kutoka mlango wa nyuma. Hakusema kitu. Nikamkasirikia yeye pia, kwa sababu mtu ambaye hasemi kitu ndiye anayekasirikiwa vizuri. Keshoye akarudi na mabati kwenye mkokoteni. Mabati makuukuu, yamepondeka, lakini hayana tundu. Siku nyingine miti. Siku nyingine mbao. Akaanza kuchimba mashimo ya nguzo kando ya nyumba ya lapini.

"Unafanya nini?"

"Lapini imekuwa kubwa. Nyumba haimutoshi."

Akasimika miti, akakandika udongo, jioni kwa jioni baada ya kazi, mvua ikimpa nafasi. Kuta zikapanda. Zilipita kimo cha lapini. Zilipita kimo cha mbuzi. Nilisimama na mtoto mgongoni nikitazama mlango.

"Lapini ataingia amesimama?" nikauliza.

Akaendelea kupiga msumari. Dirishani aliweka kile kioo cha lori, na kilipanda na kushuka kwa mkono wake wa kuzungusha kama garini. Ndani, upande mmoja, akaingiza ile nyumba ya kwanza ya lapini na miguu yake ndani ya makopo. Upande wa pili akaweka kiti kirefu cha nyuma cha lori, na sponji yake, na juu yake blanketi jipya. Betri mbili zilikaa mlangoni, za kukalia. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu zilikuwa na kazi.

Ilipokwisha, alioga, akavaa shati la Misa. Akakohoa, ingawa alikuwa tayari ndani ya uzio. Mama aligeuka kwenye mlango wa jiko, akafunika kichwa. Bwana yangu akampa mgongo, akampakata lapini, akashika masikio yake kwa upole, na sauti yake ilitetemeka, mtu ambaye anagombana na madereva mchana kutwa.

"Lapini, nyumba hii ni yako. Si yangu. Mimi hapa sina hata bati moja. Watu wote wasikie, nimekupa weye. Lakini ni nyumba kubwa, na weye uko peke yako. Utafute mutu mwenye unaona anaweza kukaa kwako."

Akamweka chini, akazunguka nyuma, akaingia nyumbani.

Mama hakumjibu siku ile. Alikaa kwenye mlango wa jiko anakohoa, macho kwenye yale mabati. Mimi sikuthubutu kusema neno, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo. Asubuhi nikamkuta anafagia. Si jikoni. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa chini ya kile kiti cha lori, sufuria yake kwenye kona, na jembe lisilo na mpini juu ya mlango.

Jirani alipita, akasimama kwenye uzio, akashangaa. Alikuwa mwanamke wa kwetu, anajua desturi, tena anajua kusambaza habari. "Mama," akauliza, "sasa umehamia kwa mukwe?"

"Kwa mukwe?" mama akasema. "Siye tuko na heshima. Mimi niko kwa lapini."

Alikaa kwa lapini miaka. Wageni wa kwao wakimuuliza atarudi lini, alisema atarudi namna gani wakati mukwe wake bado hajamuchinjia. Bwana yangu alisikia maneno yale kutoka nyuma ya nyumba na kuinamisha kichwa kwa aibu, aibu ambayo aliipenda kuliko sifa yoyote niliyowahi kumpa. Mtoto wangu wa mgongoni akatembea, wengine wakaja, na wote walijifunza kusema mbele ya wavu wa rejeta.

Lapini alizeeka. Sikujua kwamba wanazeeka, kwetu hakuna aliyewahi kupewa nafasi. Asubuhi moja ya miaka ya themanini mama alifungua mlango wa kubonyeza akamkuta amelala, baridi. Tulimzika kando ya mpera. Mama hakulia. Alirudi ndani, akafagia, akakunja blanketi, akafunga sufuria ndani ya kitenge. Akaweka jembe juu ya mzigo.

"Mama, unafanya nini?"

"Mwenye nyumba amekufa," akasema. "Niko hapa kwa nani?"

Alikuwa mzee sasa, mgongo umepinda, na kule Mahagi hata yale majivu hayakuwapo tena. Nikamtafuta bwana yangu, nikaambiwa amechukua kinga, baiskeli yake, tangu kabla ya chai, ameelekea njia ya Bule. Nikakaa juu ya betri mlangoni, nikamtukana kimoyomoyo, mtu wa kwenda kuendesha kinga siku kama ile. Mama alikaa ndani, juu ya kiti cha lori, mzigo magotini, anangoja lori la mchana. Kioo cha dirisha kilikuwa chini, na nilimsikia anapumua.

Jua lilikuwa limeinama tuliposikia kukohoa kwenye uzio.

Mama aligeuza uso ukutani. Bwana yangu aliingia, matope hadi magotini, akaweka katoni ya sabuni kwenye mlango, akanipita, akaenda nyuma ya nyumba. Katoni ilikuwa inatikisika.

Mama aliisogeza kwa mguu, halafu akaifungua. Alikuwa mdogo, mweusi tititi, sikio moja limelala. Mama alimweka magotini juu ya mzigo. Akapitisha kidole gumba mgongoni, kutoka shingoni hadi mkiani, mara moja, na mara ya pili.

"Lapini," akasema, kwa sauti ya kufika nyuma ya nyumba, "uambie mukwe wangu, ulikawia sana njiani. Umerudi mweusi. Na umekonda, umekonda sana."

Halafu akafungua kitenge, akatoa sufuria, akaniambia nipande juu ya paa nikaanike matembele.